Somoe na Paa la Shemeji Chande

"Watani ni watu wa matusi tu, Bibi. Siku hizi hawana kazi." Hivyo ndivyo alivyoniambia Zubeda huyu hapa, sasa hivi, mkono bado umo kwenye sinia. Nikamwambia, mwanangu, magomvi ya ukoo huu huyajui. Anayeyajua ni mimi, maana watu wakinuniana mimi ndiye ninayewekwa katikati. Akasema, basi tuambie. Nami nawaambia. Sogeeni. Wewe wa mlangoni ingia au toka, usinizibie hewa.

Naifungua!

— Ifungue tuingie.

Mwenye usingizi?

— Abaki uani.

Mwenye hasira?

— Aziache na viatu.

Hapo kale, bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji cha pwani, na kijiji kile kikaingiwa na kimbunga. Kilikuja asubuhi, watu wanakunywa uji. Kikavuma, kikavuma, kikavuma. Kilipoondoka, nyumba zote zilikuwa kuta bila vichwa. Paa moja lilikutwa kwenye muhogo. Jingine lilikutwa mtoni. Jingine halikuonekana kabisa, na mwenyewe mpaka anakufa alikuwa akitazama mapaa ya wenzake kwa jicho la shaka.

Katika kijiji kile alikuwapo Somoe, mke wa Mfaume. Mfaume alikuwa na kaka yake mkubwa, Chande, fundi wa kujenga, mkono wake umenyooka kuliko wa mtu yeyote. Na mama yao alikuwa Bi Asumini. Siku ya kimbunga nguzo ilimwangukia Bi Asumini ikamvunja mguu, na tangu siku hiyo akawa wa kubebwa.

Sasa sikilizeni alichokiona Somoe. Paa lilipoondoka yeye alikuwa ameikumbatia nguzo ya mlango, mtoto mgongoni. Wengine walifumba macho. Yeye hakufumba. Akaona upepo haukulivuta paa kutoka juu. Uliingia barazani, kule chini, ukajaa kama watu wa harusi, ukakosa pa kutokea, ukainua. Na kwa kuwa wazee walijenga kwa miti mirefu, mti mmoja unatoka kileleni unapita ukutani unafika mpaka barazani, basi baraza lilipoinuka, nyumba nzima ikafunuka kama chungu.

Somoe akamwendea Chande. Akamwambia, shemeji, safari hii tukate miti ukutani. Nyumba iwe na paa lake, baraza liwe na lake, yasishikane. Upepo ukitaka baraza, upewe baraza. Chande akasema ana kazi, waongee kesho.

Akaenda mara ya pili. Chande akacheka, akawaita wenzake nao wacheke.

Akaenda mara ya tatu. Safari hii Chande hakucheka. Miti ile ya paa ilikuwa imeokotwa shambani, mizima, na ilikuwa ya marehemu baba yao.

"Shemeji," akasema, "miti hii baba aliichonga kwa mkono wake. Niikate kwa sababu wewe uliona upepo unapita?"

Hapo mtaongeza nini? Mke wa mdogo hawezi kubishana na shemeji mkubwa mara ya nne. Na Mfaume msimtafute. Hakuwa mtu mbaya, ila mbele ya kaka yake alikuwa uji.

Lakini desturi ya watu wale ilikuwa hivi: nyumba ya mtoto mkubwa ikiisha, wa kwanza kulala ndani ni mama mzazi na wajukuu wote. Maana yake Bi Asumini na mguu wake, na watoto wa Somoe, wote chini ya paa lile lile lililokwisha kuruka mara moja. Na msimu wa pepo ulikuwa unarudi.

Somoe akawaza. Akasema, sawa, sijengi nyumba. Najenga jiko.

Jiko, wanangu, nani atabishana na mwanamke juu ya jiko lake? Akaokota mabaki, miti mifupi ambayo Chande aliitupa. Akamwambia mumewe chimba. Mfaume akachimba mpaka shimo likamfika kiunoni, akauliza, jiko gani hili linataka kaburi? Chimba. Kila nguzo akaifunga mti wa kulala chini kabisa, kama mguu ulio na kidole, ndipo wakafukia na mawe. Kuta akazipitishia miti ya mshazari, kona kwa kona. Paa akalilaza pande nne, halina uso wa kupigwa kofi. Kisha akafunga. Paa kwa ukuta, ukuta kwa nguzo, nguzo kwa mguu wake, kamba ya nazi iliyolowekwa, raundi juu ya raundi. Mwisho kabisa akaweka baraza, pembeni, na miti yake, na kamba nyepesi.

Chande akapita akaona kitanda ndani. Akauliza jiko gani lina kitanda. Somoe akamwambia, shemeji, uji unachelewa kuiva, mtu hujinyoosha.

Basi nyumba ya Chande nayo ikaisha, na ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Baraza pana, miti ya baba imepakwa mafuta inang'aa. Ikapangwa kesho yake Bi Asumini abebwe aingizwe.

Somoe akajifunga kanga, akaenda juu ya kilima kwa watani.

Zubeda, fungua masikio. Watani walikuwa na haki yao. Nyumba mpya haijalaliwa, wao huja. Chochote wanachoweza kukitoa kwa mikono yao ni chao, mpaka wapikiwe. Huchukua chungu, huchukua mkeka, wakiondoka wanakutukana na mama yako. Na wewe ukikasirika umejiaibisha, ukoo mzima utakucheka. Kwa mtani unacheka tu, hata kama roho inauma.

Mkubwa wao aliitwa Mchopa, mtu mwenye mabega kama mlango. Alipomwona Somoe akasema, karibu, watu wa nyumba zinazoondoka bila kuaga. Somoe akamwambia, kesho msichukue chungu. Chungu ni kazi ya watoto. Chukueni paa la shemeji. Ingieni barazani, muinue kwa mabega, kutoka chini. Mkimaliza, njooni na kwangu.

Mchopa akamtazama. "Na kwako tukishinda?"

"Mama mkwe wangu atalala nje, na mimi sitasema neno tena maishani."

Asubuhi watani wakaja, wanaimba.

Inua, inua, twende nalo!

Wenyewe wanene, paa jepesi!

Inua, inua, twende nalo!

Chande akawakaribisha, akawaonyesha vyungu. Hawakutazama vyungu. Wakaingia barazani wote, wakajipanga, wakaweka mabega chini ya miti ya marehemu. Wakainua mara ya kwanza, makuti yakalia. Wakainua mara ya pili, kamba zikakatika. Wakainua mara ya tatu, na paa lote likafunuka, likaenda likalala nyuma ya nyumba. Jua likaingia mpaka kwenye kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mama.

Lau angekuwa ndugu aliyefanya vile, leo hii tusingekuwa ukoo mmoja. Lakini alikuwa mtani. Chande akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka.

Wakahamia kwa Somoe. Wakaingia barazani, wakainua. Baraza likawajia mikononi, wakaenda nalo wakishangilia, mpaka mmoja akageuka nyuma. Nyumba ipo. Imekaa pale kama mtu aliyenyoa ndevu. Wakarudi. Wakasukuma, nyumba ipo. Wakavuta kwa kamba, nyumba ipo. Mchopa akajining'iniza kwenye paa na uzito wake wote, akaning'inia, mpaka watoto wakamwonea huruma wakamletea kigoda ashukie.

Chande akasogea. Akaizunguka ile nyumba. Akaigusa kona, akapitisha kidole kwenye kamba, akachuchumaa akatazama nguzo inapoingia ardhini. Alikaa pale mpaka watani wakachoka kutukana. Ndipo akamwita.

"Shemeji, fundo hili ulilianzia wapi?"

Na Somoe akakaa chini akamwonyesha. Hakumcheka. Hilo ndilo ninalompendea mwanamke yule mpaka leo.

Bi Asumini akabebwa akaingizwa kwenye jiko, pamoja na wajukuu. Chande akawapikia watani, akalikomboa paa lake. Kisha akachukua msumeno akaikata miti ya baba yake mwenyewe, asiruhusu mtu mwingine aiguse. Na alipomaliza ya kwake hakuishia hapo. Akaenda kwa wajane, akaenda kwa wazee, akaenda kwa waliokuwa bado wanalala chini ya turubai. Yeye anapima, Somoe anafunga, Mfaume anachimba. Na fundo la Chande, kwa kweli, likaja kuwa zuri kuliko la mwalimu wake.

Kimbunga kikarudi. Kikavuma, kikavuma, kikavuma. Watu wako ndani, wanasikia nje vitu vinang'oka, kraa, kraa. Kikachoka. Milango ikafunguliwa mmoja mmoja. Bi Asumini akatolewa, akatazama huku na huku, akasema, "Mbona wote mpo?"

Wote walikuwapo. Mabaraza ndiyo yaliyokuwa yametapakaa kijiji kizima. Na hapo, wanangu, ndipo ukaanza ugomvi wa kweli: hili langu, lile lako, hili lina makuti mapya, usiniibie. Wakagombania mabaraza mwezi mzima. Sijapata kusikia ugomvi mtamu kama ule. Hakuna aliyegombania sanda.

Naifunga sasa. Nimeifunga kwa kamba ya nazi, iliyolowekwa.

— Tumeshika ncha.

Basi msiiache ikae humu ndani na mimi. Wewe unayerudi kesho kwenu, njiani utapita watu wanainua nguzo. Simama kidogo, uwasimulie.