Mstari wa Kwenye Kona

Mtu mmoja alikuwa na uzio mweupe ambao mtaani kwao haukuwa na mfano. Jina lake Lusajo, dereva wa gari la shule. Mvua iliunyeshea, jua likauchoma, nao ukabaki mweupe vilevile. Majirani walipomuuliza ni rangi gani hiyo isiyochuja, alijibu kuwa ni baraka za Mungu, nao wakaondoka wakiitikia amina.

Asubuhi moja, akiwa na watoto kumi na wanne garini, alitoka upande wake kwenye kona ya mlimani ili alipite trekta lililokuwa likijikokota mbele yake. Lori likamtokea usoni. Waliponea chupuchupu, kati ya magari yale mawili hapakuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Mbele kidogo alisimama askari wa trafiki, mwanamke, aliyeona yote. Akamwandikia kosa la kuvuka mstari usiovukwa, akampa siku saba achague: akiri, au akajitetee mahakamani.

Lusajo alichemka. Miaka kumi aliendesha bila doa, na kanuni ya shule ilikuwa moja tu: dereva akikiri kosa la barabarani, arudishe funguo. Tena utetezi alikuwa nao. Mstari upi? Pale kwenye kona lami ilikuwa nyeusi tii. Mtu atavukaje kitu kisichoonekana? Na hapo, ndugu zangu, alisema kweli tupu. Lakini kweli nayo huweza kutumwa kazi ya uongo.

Jumamosi akaenda kwenye kona na mkewe, Subilaga, wapige picha za ushahidi. Subilaga aliinama, akaikwangua lami kwa ukucha, akaona mabaki ya rangi iliyopauka kama maziwa yaliyotiwa maji. Akainua uso.

"Baba Ipyana, mstari huu si uliupaka wewe?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya udereva, Lusajo alikuwa kibarua wa kupaka mistari ya barabara. Kona ile aliipaka kwa rangi aliyoizimua mpaka ikawa majimaji, ili madebe mawili yabaki. Madebe hayo ndiyo yaliyoupaka uzio wake. Alikuwa amekwisha kusahau.

Akakaa kando ya barabara, akalia. Hakulilia funguo. Alilia kwa shukrani, kwamba watoto wale wote walirudi kwao wazima, na kwamba mstari ule ulimuumbua yeye mwenyewe kabla haujamuua mtu asiye na hatia. Jumatatu alikiri kosa. Akamshika mkono yule askari na kumshukuru sana, hata askari akadhani anataniwa. Akarudisha funguo shuleni. Kisha akaenda kwa wasimamizi wa barabara, akawaeleza alichofanya miaka ile, akaomba brashi.

Siku aliyokuwa akimalizia kuipaka kona ile upya, gari la shule lilipita likiendeshwa na mwingine. Lilishika upande wake, wala halikuugusa mstari. Lusajo akavua kofia, akasema ahsante, na hakuwa akimwambia dereva.

Nawe unayejiandaa kusema kwamba mstari hauonekani, uzio wako umepakwa rangi ya wapi?