Printa Iliyofunikwa Kitambaa

Mtu mmoja wa Tukuyu, jina lake Ambakisye, alikuwa na duka la stationari karibu na soko, na ndani ya duka hilo alikuwa na printa tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya sindano, kuukuu, yenye utepe wa wino. Ilichapa kwa kugonga, sindano zikidonoa karatasi mstari kwa mstari kama kuku juu ya bati, na wateja wakiziba masikio. Lakini wakulima wa chai walitaka risiti za nakala tatu, na ni hiyo peke yake iliyogonga kwa nguvu hadi karatasi ya chini kabisa ikapata maandishi. Ya pili ilikuwa ya leza. Hii iliyeyusha unga mweusi kwa moto na kuukandamiza kwenye karatasi, kazi ikatoka safi, ya moto, kabla mteja hajamaliza kusalimia. Mitihani na barua zote zilipita hapo, ila rangi haikuwa nayo. Ya tatu ilikuwa ya wino wa maji, ya rangi. Jamani, hiyo ndiyo iliyokuwa kipenzi chake! Ikichapa uso wa mtu ungedhani utakuamkia. Ambakisye aliifunika kitambaa cha kufuma, kile mkewe Subilaga alichokuwa ameweka juu ya redio, akaipandisha kabatini. Aliyeomba picha ya rangi aliambiwa kwamba ile ni ya siku kubwa. Mnacheka, na nyumbani mna vikombe ambavyo watoto wenu hawajawahi kuvinywea.

Mama yake mzazi, Bibi Atupele, alikuwa na presha ya macho. Daktari alishamweleza wazi kwamba nuru itapungua mpaka iishe, na ikiisha hairudi. Huko Mwanza binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike akampa jina la bibi, wakamwita Atu. Picha ya Atu ilikuja kwenye simu, lakini kwenye kioo kile kidogo Bibi aliona mng'ao tu. Akamfuata mwanawe dukani.

"Nichapie wajina wangu," akasema. "Awe mkubwa, awe na rangi, nimshike sura kabla giza halijanifika."

Ambakisye alimpenda mama yake. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nasimulia habari za mtoto mbaya. Tena ni kwa kumpenda ndipo alipotaka kumfanyia jambo la heshima. Akamwambia asubiri Pasaka, ukoo wote utakuwa umekusanyika, amkabidhi picha mbele za watu, vigelegele vipigwe. Subilaga alimwambia macho ya mama hayasubiri wageni. Yeye akaona mkewe ana haraka za bure.

Pasaka ikafika na mvua yake, nyumba ikajaa. Ambakisye akaondoa kitambaa, akawasha printa. Ikanguruma vizuri, kisha ikatoa karatasi yenye mistari myeupe, na katikati ya mistari shavu moja la kijani. Akarudia, likatoka nusu jicho. Ndivyo zilivyo hizo: matundu yake ya wino ni membamba kuliko unywele, na yasipotumika wino hukaukia humo humo. Katriji zilikuwa zimejaa pomoni. Kilichokauka ni njia.

Kwa aibu akakimbilia ile ya leza. Ikatoa picha papo hapo, nyeusi, kamili. Bibi akaisogeza puani, akaigeuzia dirishani. Kwa macho yale, weusi wa picha na kivuli vilikuwa kitu kimoja. Akasema ahsante, kwa kuwa alikuwa na adabu zake.

Ile ya rangi ikapelekwa kwa fundi Mbeya. Ikaoshwa, ikasubiri kipuri, ikarudi nzima masika yakielekea ukingoni. Ambakisye akamchapa Atu, mashavu yake, ushanga wake mwekundu, hakikukosekana kitu. Akampelekea mama yake, akamwekea mikononi. Bibi akaipapasa juu mpaka chini, laini kama sahani, halafu akauliza kama picha iko upande huu au upande wa pili. Ambakisye akatoka nje akalia, mtu mzima yule.

Siku nyingine Bibi alikuwa ameketi dukani, kwenye benchi, akisikiliza watu. Printa ya sindano ilikuwa ikidonoa risiti za chai, na karatasi moja ikamdondokea mapajani. Aliishika ili airudishe, vidole vikasita. Akapapasa mgongo wa karatasi.

"Hii ina vipele," akasema. "Kumbe huyu mwenye makelele anaacha alama!"

Ambakisye akaelewa. Akaandika jina la mtoto kwa herufi kubwa kama kiganja, moja chini ya nyingine, akaiachia mashine igonge. Mteja mmoja akanung'unika kwa kelele zile, na Ambakisye hakumwomba radhi. Bibi aliwahi kupita kisomo cha watu wazima, herufi alizijua. Akaigeuza karatasi, na bahati nzuri herufi hizo hata kwa nyuma hazibadiliki umbo, akafuata vipele kwa kidole: A, chini yake T, chini yake U. Akarudia. Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Jina nimelipata, mwanangu," akasema. "Sura ndiyo uliyonicheleweshea."

Kitambaa kikarudi juu ya redio. Printa ya rangi tangu hapo huchapa kila siku, hata kama ni ua moja la kutupa, ili njia isizibe.

Basi nanyi mlio na neno jema mnalomwekea mtu wenu kwa ajili ya siku kubwa, ni nani aliyewaambia kwamba siku hiyo midomo yenu itakuwa haijakauka, na yeye macho yake bado yanaona?