Pundamilia Aliyekataa Kukaa Matanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo tutakwenda polepole.

Hapo zamani za kale, palikuwa na Pundamilia, na mkewe, na mtoto wao mmoja. Siku moja mke alikwenda mtoni kunywa maji. Simba akatokea. Pundamilia akakimbia kumwokoa. Akakimbia, akakimbia, akachelewa. Mungu akamchukua mja wake.

Majirani wakaja kukaa matanga. Swala akaja, Twiga akaja, Ngiri akaja. Wakakaa chini kama ilivyo desturi. Mfiwa peke yake hakukaa.

"Nilichelewa kwa sababu mbio zangu hazikutosha," alisema. "Nimebaki na mtoto huyu tu. Simba akija tena, sichelewi."

Akaanza mazoezi. Alfajiri alizunguka kilima mara tatu. Kwatu, kwatu, kwatu! Kisha akamtafutia mtoto majani, akampeleka kunywa maji, akasimama kumlinda. Jioni akazunguka tena. Na kila akikimbia aliimba:

Kimbieni, miguu yangu, kimbieni,
Siku ile mlichelewa.

Mara tatu zikawa tano. Tano zikawa saba. Hakula vizuri, hakulala. Mbavu zikahesabika.

"Baba, kaa na mimi kidogo," mtoto alimwambia.

"Kesho, mwanangu."

Kesho ikafika. Kwatu, kwatu, kwatu.

Juu ya kilima alikaa Fisi. Kila Pundamilia akipita, Fisi alimshangilia.

"Ongeza, bwana, ongeza! Mwanamume hachoki!"

Pundamilia akaongeza. Fisi akalamba midomo, akamtazama mtoto.

Siku ya saba Pundamilia alikimbia hivi: kwatu... kwatu... Mguu mmoja unakwenda, mwingine unaburuta. Mara akamkuta Ngiri amelala chali katikati ya njia, miguu juu.

"Ngiri, nipishe."

"Sipishi. Niambie kwanza, nani kafa tena? Maana naona maiti inakimbia."

Swala aliposikia akafunika uso. Lakini ukoo wa Ngiri na ukoo wa Pundamilia walikuwa watani tangu enzi za mababu. Na mtani hakasirikiwi msibani.

"Mtani wangu, nipishe. Nina mtoto wa kulinda."

"Utamlinda kwa miguu ipi? Hiyo inayotetemeka kama majani? Nikikupulizia hapa, fuu, unaanguka!"

"Basi sema ada yako, nilipe, upishe njia."

"Ada yangu si majani, si maji. Ada yangu ukae. Ukae matanga ya mkeo siku tatu. Usipokaa, nami siondoki hapa, na unajua jinsi ninavyonuka."

Pundamilia alitaka kucheka. Kicheko kikageuka kilio. Magoti yakakunjika, akakaa palepale njiani. Alikuwa hajamlilia mkewe tangu siku ile. Akalia, akalia, akalala.

Siku ya kwanza alilala tu. Siku ya pili akala. Siku ya tatu akamsimulia mtoto habari za mama yake. Swala na Twiga wakashika zamu za kulinda. Nyasi zikaanza kuchomoza njiani.

Siku ya nne majirani wakaanua matanga, wakaenda zao. Fisi akashuka kilimani.

"Huyu amekwisha," aliwaza. Akanyata, nyatu, nyatu, mpaka karibu na mtoto.

Pundamilia akafumbua macho. Akainuka mara moja. Kwatu-kwatu-kwatu! Akageuka, akarusha teke. Paa! Fisi akabiringika, biringi, biringi, jino moja likabaki majanini.

"Nilisema ongeza!" Fisi alilia akikimbia. "Nani kakwambia upumzike?"

Ngiri akarudi mbio, akaliona lile jino. "Haya, mtani, sasa nimekupisha. Huzunguki kilima?"

"Nitazunguka. Mara mbili tu, tena kesho kutwa," alisema Pundamilia. "Leo siwezi. Mtoto amelala ubavuni mwangu."

Basi, ndugu zangu, mazoezi ni mema na kazi ni njema. Lakini siku moyo umejaa na mwili umechoka, yaweke kando, ukae. Mungu aliyetupa miguu ya kukimbia ndiye aliyetupa magoti ya kukunja.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya kilima. Nami naiacha ipumzike.