Mtamba wa Nyangeta

Hapo zamani, lakini si zamani za mbali, maana baiskeli zilikuwepo na kufuli zilikuwepo, aliishi mwanamke mmoja pale Nyarubanga, kando ya ziwa. Jina lake Nyangeta. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mama wa watoto wanne, na maji aliyaogopa kuliko nyoka.

Msimcheke. Alizaliwa milimani, kwenye migomba na kahawa, akaolewa ziwani. Watu wa ziwani wakampa jina: Nchi Kavu. Aliyeanzisha jina hilo alikuwa wifi yake, Nyakwesi, mwanamke wa kupiga mbizi na kuibuka akiendelea na maneno aliyoyaacha juu. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, mume akafariki, jina likabaki. Nyangeta alilicheka pamoja nao, lakini lilimuuma. Alijiona mgeni katika nyumba aliyozeekea.

Siku moja likatangazwa shindano mjini. Mtu aogelee, kisha apande baiskeli, kisha akimbie, yote kwa mfululizo bila kupumzika. Watu wakaliita Tatu kwa Moja. Umbali wake ulikuwa mfupi, wa watu wa kawaida wenye kazi zao, na zawadi ya mwanamke wa kwanza ilikuwa mtamba mweupe mwenye madoa. Nyangeta alikuwa anashona sare za shule aliposikia. Akaweka mkasi chini, akasema naye atakwenda. Wifi yake alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha wifi huyo huyo akafuta machozi ya kicheko, akamwambia wakutane ufukweni alfajiri.

Wakaenda. Nyakwesi akamfungia dumu tupu mgongoni, akamwambia piga miguu. Nyangeta akapiga miguu, akanywa maji. Kesho yake wakaenda, akapiga miguu, akanywa maji. Wakaenda tena, akapiga miguu, akanywa maji kidogo. Na mjue kwamba alfajiri ndiyo saa ya kununua dagaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na Nyakwesi aliishi kwa dagaa. Kila siku alifika wenzake wamekwishachagua, akabaki na makombo. Mpaka asubuhi moja akalifungua lile dumu taratibu, mwenzake asijue, na Nyangeta akaendelea kuogelea. Alipogeuka akaliona dumu linaelea peke yake huko nyuma, alipiga kelele, lakini hakuzama.

Ikabaki baiskeli. Shemeji yake, Mafuru, mdogo wa marehemu, alikuwa nayo moja, na ndiyo iliyomsambazia maziwa na kulisha watoto wake. Akang'oa keria ili iwe nyepesi, akampa shemeji yake. Yeye akawa anatembeza maziwa kwa miguu, madumu yakining'inia kwenye mti begani, hata bega likachubuka. Wateja wa mbali wakahamia kwa wengine. Hakulalamika. Aliuliza tu, mara mojamoja, kama shindano bado halijafika.

Likafika. Baiskeli zote zikaegeshwa kwenye uzio karibu na maji. Mafuru akaileta ya kwake, akaiegesha, kisha akafanya anachofanya kila siku sokoni: akapitisha mnyororo kwenye gurudumu na uzio, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Halafu akapanda zake kilimani, amshangilie shemeji yake akipita.

Nyangeta akaingia majini. Hofu ilikuwepo, lakini miguu ilikwishazoea. Akaogelea, akaogelea, na alipotoka majini alikuwa ubavuni kwa Wegesa, mpishi wa shule ya bweni kutoka mji wa jirani, ambaye kila mtu alikuwa amekwishampa ushindi kabla hata ya filimbi. Wakakimbilia baiskeli pamoja. Wegesa akapanda yake. Nyangeta akavuta yake, haikuja. Akavuta tena, akaona kufuli. Akamtafuta Mafuru kwa macho, hakumwona.

Wegesa alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedali. Akatazama nyuma. Akashuka, akaokota jiwe, akapiga kufuli lile. Likagoma. Akapiga, likagoma. Wanawake wengine wakawapita, na Wegesa bado anapiga. Lilipovunjika, wakaondoka wawili.

Kilimani Mafuru alikuwa anapiga makofi kwa nguvu zake zote. Alipomwona Nyangeta amechelewa hivyo, mkono mmoja ukashuka wenyewe mfukoni, ukakuta ufunguo. Makofi yakaisha. Nyangeta akampita bila neno, maana pumzi aliyokuwa nayo hakuona sababu ya kuipoteza kwa kusema.

Kwenye kukimbia, milima ikamlipa mtoto wake. Nyangeta na Wegesa wakawapita waliowapita, mmoja mmoja, wakabaki wao wawili mbele. Utepe ulipoonekana, Nyangeta akalikumbuka lile jiwe, akapunguza mwendo.

"Dada, usinifanyie hivyo," Wegesa akasema akihema. "Ukiniachia, utakuwa umenitukana."

Basi Nyangeta akakimbia kwa nguvu zake zote, akashinda. Alilia kwa furaha mbele za watu wala hakuona haya.

Sasa sikilizeni desturi ya Nyarubanga. Ng'ombe wa ushindi hakai kwa mshindi. Hukabidhiwa mtu mmoja aliyemwezesha kushinda, na mshindi husubiri ndama wa kwanza awe wake. Mtu mmoja, si wawili. Mshindi humkabidhi kamba siku ile ile, watu wakiona, na tangu hapo aliyepewa huitwa ndugu wa ushindi wake. Nyangeta, aliyetamani undugu kwa miaka yote ile, sasa alikuwa na wa kugawa, tena mmoja tu.

Nyakwesi akasogea. "Wifi, shindano lilianzia majini. Usingetoka majini, baiskeli ungeipandia wapi? Hofu yako niliing'oa mimi." Watu wakakubali, ingawa mmoja alinong'ona kwamba aliyeikuza hofu hiyo kwa kumwita Nchi Kavu ni yeye pia.

Mafuru akasogea, ufunguo bado mkononi. "Shemeji, mimi nilikupa riziki ya wanangu, bega hili hapa linasema. Kwenye kufuli nimekosa. Lakini kuna dada aliiacha baiskeli yake bila kufuli, na mpaka sasa anaitafuta." Watu wakacheka, maana ilikuwa kweli. Yule dada alikuwa bado anazunguka uwanjani akiuliza.

Wegesa hakusogea. Alikuwa anafunga mzigo wake, na ilibidi Nyangeta amfuate na kumwuliza.

"Mimi sikuja kudai. Lakini umeniuliza. Wifi yako alikupa asubuhi zake, shemeji yako alikupa baiskeli yake, na wote ni ndugu zako. Mimi sikujui, dada. Nami nilikupa mtamba huyu huyu, maana alikuwa wangu."

Watu wakawazunguka. Nyangeta akasimama katikati yao, kamba mkononi. Aliwatazama watatu wale, akaona moyo wake umejaa na hauna kinyongo na yeyote, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Akimpa wifi au shemeji, mgeni aliyemvunjia kufuli atarudi kwao mikono mitupu. Akimpa mgeni, nyumbani watasema kumbe bado hajawa wao. Mtamba alikuwa anatafuna nyasi, hakuwa na msaada.

Akavuta pumzi, akaanza kutembea, na alikokwenda anakujua yeye. Mimi nimewafikisha hapa. Nyinyi niambieni: kamba ile, kwa haki, ilistahili mkono wa nani?