Mtoto wa Nakiete Aitwe Nani?

Mwenye kitu mdomoni ameze, maana mwishoni mtatakiwa kujibu.

Kulikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyekionea wivu. Mwantumu alikuwa na mikono, na alijua kuwa anayo: hukunji shuka yako mbele yake asiikunjue na kuikunja upya. Aikande alikuwa na ulimi: akikusalimia asubuhi, unashinda ukijiuliza umemkosea nini. Elineema alikuwa na kipaji cha kujilaza. Mlaze kwenye benchi, mlaze kwenye gunia la mahindi, hatikisiki wala hageuki, na mwili wake una joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Kwa bahati mbaya, Nakiete aliwahitaji wote watatu. Elineema alikuwa mumewe. Aikande alikuwa wifi yake. Mwantumu alikuwa jirani yake wa kitanda, katika wodi ya akina mama wenye watoto njiti.

Mtoto wa Nakiete, wa kike, alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, hajui kunyonya. Ilibidi maziwa yakamuliwe kwenye kikombe, kisha muuguzi ayapitishe kwenye mrija mwembamba ulioingia puani mwa mtoto. Nakiete akaminya, akavuta, akalia. Kikombe kikabaki kikavu.

Mwantumu alimtazama kama mtu anayeona chapati ya mwenzake ikiungua.

"We binti, unakamua ndimu? Acha kuvuta chuchu, haijakukosea kitu!"

Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akamkanda. Akamwekea kidole gumba juu na vingine chini, nyuma ya ule weusi unaozunguka chuchu. "Sukuma kuelekea kifuani. Haya, bana. Achia. Tena. Na usinishukuru, bado una mikono ya mbao."

Matone yakatoka, ya manjano, mazito. Mtoto akapata chakula.

Kisha mama mkwe akaja kumwona mjukuu. Katika ukoo ule, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na mama huyo aliitwa Namkunda. Alimchungulia mtoto kitandani, akavuta khanga yake kama mtu aliyepita karibu na matope.

"Jina langu haliwekwi juu ya kitu kinachoenea kiganjani," alisema. "Nitangoja wa pili."

Akaondoka bila kuketi. Nakiete akaweka kikombe chini. Kama bibi ameshamzika mtoto angali hai, yeye anamkamulia nani? Mwantumu alifoka, muuguzi akamwonya kwamba maziwa yasipotolewa yatakauka. Nakiete akageukia ukutani.

Ndipo Aikande akaingia na chupa ya mtori.

"Aa, wifi, umepumzika! Nilimwambia kaka, huyu ni wa kupamba sebule. Hata mbuzi wetu akizaa vibaya huhangaika na kitoto chake, wewe umekunja miguu kama mgeni wa harusi. Kunywa mtori unenepe. Tutamfukia mwanao tukiwa tumeshiba."

Nakiete, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumjibu mtu, alihisi masikio yakiwaka. Akanyakua kikombe. Akakamua huku akimkodolea macho wifi yake, na kila alipobana, moyoni alikuwa anabana shingo ya Aikande. Kikombe kikajaa nusu. Tangu hapo hakuruka zamu hata moja. Akichoka, alimkumbuka yule mbuzi.

Maziwa yakawepo, lakini mtoto hakuongezeka uzito. Baridi ya milimani ilikuwa inamla.

"Akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, kutwa," muuguzi alisema. "Wewe ukimshusha ili ukamue, anapoa. Huna mwingine?"

Mwingine alikuwa nje, amejinyoosha kwenye benchi. Wakamwita Elineema, wakamvua shati, wakamwegemeza kitandani na kumfunga mtoto kifuani kwa khanga. Wanaume waliokuja kutazama wake zao walicheka hadi wakashikana mabega.

"Mama Elineema! Na kunyonyesha unaanza lini?"

Hakuwajibu. Kujibu kungemtaka ajitikise. Alikaa vile siku baada ya siku, macho nusu wazi, na mtoto akapata mashavu.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi akauliza jina la mtoto.

"Mwantumu," alisema Mwantumu. "Bila mikono yangu angekula nini? Hewa?"

"Aikande," alisema wifi. "Nilimtukana makusudi, ili aamke."

"Makusudi!" Mwantumu akabetua midomo. "Wewe hutukana hata mlango ukichelewa kufunguka."

Elineema akapiga miayo. "Nimemlea kifuani, mimi ndiye baba. Aitwe Namkunda. Mama ametuma salamu, anasema sasa amekuwa mtu."

Nakiete aliwatazama wote, na hakuona hata mmoja ambaye angemkopesha chumvi kwa furaha. Alijua uzito wa swali. Kwao, mwenye jina huingia nyumbani kwa mtoto bila hodi, huulizwa kabla mahari haijapokelewa, na neno lake halipingwi mpaka afe. Akichagua, amemweka mtu huyo sebuleni kwake maisha yote.

Bila mikono, hakuna tone. Bila ulimi, kikombe kingebaki chini. Bila kifua, maziwa yangemfuata mtoto aliyekwisha kupoa. Msiseme wagawane, jina ni moja. Msiseme apewe mwenye roho nzuri, kwa sababu hakuja.

Muuguzi anangoja, Nakiete amefungua mdomo. Haya, wewe uliyekaa hapo ukitikisa kichwa: ungekuwa ndiye mama, ungetamka jina la nani?