Wimbo wa Kizingiti

Alitawala katika mji wa Jauharani, zamani ambazo majini bado walikuwa na adabu ya kubisha hodi, Sultani aliyeitwa Tamimu bin Ghalibu, mtu mwenye haiba na haki na tumbo la kutosha, na katika mji wake hapakuwa na tajiri aliyetajwa kama Mudriki bin Shaame, mfanyabiashara wa ubani na miski. Lakini kilichowafanya watu wamwonee wivu hakikuwa ubani wala majumba, kilikuwa chumba kimoja cha ghorofani ambamo alitundika ala arubaini na moja za nyuzi, udi kubwa na gambusi ndogo, za mninga na za mpingo, zenye lulu na zenye pembe, na kila msafara ulipoingia mjini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama imekuja ala mpya. Akiipata, huipiga mwezi mzima kwa mahaba makubwa, na mwezi wa pili huipiga siku za Ijumaa tu, na mwezi wa tatu huitundika, na ikishatundikwa ndiyo basi tena. Mimi ninayesimulia namwonea huruma mtu huyu, na hasira pia namwonea, na mtaniambia wenyewe mwishoni kama nimekosea.

Basi watu wa Jauharani walikuwa na desturi yao. Mwanamke akipata mimba hutunga wimbo wa mtoto aliye tumboni, na mumewe humpigia ala wakati wa kuutunga, na wimbo huo hausikiwi na mtu wa tatu mpaka mtoto huyo, akiwa binti, afike siku ya kutoka kwa baba yake kwenda kwa mumewe. Hapo mama husimama kizingitini na kuuimba, na bibi harusi huvuka. Asiye na wimbo huvuka kimya, na wanawake wote huinamisha nyuso, kwa maana huonekana kama mtu ambaye hakuna aliyemngojea alipokuja duniani.

Mudriki alikuwa na binti mmoja tu, Sabiha, aliyefiwa na mama yake, Bi Tufaha, akiwa na siku arubaini. Alipotimiza miaka kumi na minane Sultani alimposea mpwa wake Hilali, na Sabiha akaridhia, na Mudriki akaitwa barazani.

"Ewe Mudriki bin Shaame," alisema Sultani, "harusi ni Alhamisi ijayo baada ya sala ya alasiri, na sisi wenyewe tutahudhuria. Marehemu Bi Tufaha alikuwa na sauti ambayo mji huu haujaisahau. Kwa kuwa hayupo, wewe uliyempigia ala ndiwe utakayeshika nafasi yake kizingitini."

"Ewe Maulana," akajibu Mudriki, "mimi na vyote nilivyo navyo tu chini ya amri yako, na hilo ni fahari yangu."

Akainama akabusu zulia, na akainuka, na alipokuwa akishuka ngazi za kasri akautafuta wimbo ule kichwani mwake, asiupate. Akatafuta mwanzo wake, na kati yake, na hata neno moja la mwisho, na hakuna alichokiona ila mikono ya mkewe ikisuka nywele zake.

Sabiha alikuwa akimngojea ukumbini. "Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama aliniachia wimbo?"

"Alikuachia, vipi asikuachie?"

"Na wewe unaukumbuka?"

"Neno kwa neno," akasema Mudriki, akijua kwamba ni uongo.

Siku ile ile akamwendea fundi bora wa mji akamwagiza udi ya pembe na lulu, akidhani kwamba ala nzuri itamvutia wimbo mzuri. Ilipoletwa, siku ya Jumanne, akaipiga mpaka vidole vikavimba, na zikatoka nyimbo za watu wote wa dunia isipokuwa wimbo wa mke wake. Basi asubuhi ya Jumatano, jua likiwa limepanda, akaingia katika chumba cha ghorofani na kuanza kuzishusha ala zake moja moja ukutani, kama mtu aliyepoteza ufunguo anavyopekua mifuko ya nguo ambazo hazivai tena.

Na hapo likamfika jambo ambalo hakulitarajia. Akashusha udi ya mninga aliyoinunua kwa Waajemi na kuichoka upesi, akapangusa vumbi, akakaza nyuzi, akaipiga, na ikatoa sauti nene ya upole iliyomfanya akae chini. Akashusha nyingine, iliyopinda shingo, ambayo aliiona mbaya siku zote, na akakuta katika waya wake wa chini utamu usiokuwamo hata katika ile ya lulu. Akaendelea hivyo hadi adhuhuri, na kila aliyoishika ilimwuma moyo, kwa maana zote zilikuwa nzuri na zote alikuwa amezisahau, na akajiuliza alikuwa akitafuta nini kwenye misafara miaka yote hiyo.

Nyuma ya mlango, kwenye msumari wa chini kabisa, ilikuwapo gambusi ya mti wa mfenesi, tumbo lake limewambwa ngozi ya mbuzi. Ndiyo aliyokuwa akiipiga zamani za umaskini, na ndiyo ambayo Bi Tufaha aliitungia nyimbo zake. Watu aliwaambia kwamba aliitundika kwa sababu ya msiba. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa ameanza kutajirika na aliona haya kuonekana na gambusi ya mfenesi. Akaitwaa, akapitisha kidole tumboni mwake, na sauti ikapiga kelele kutoka ndani:

"Toa kidole chako hapo, bwana we! Unanitekenya!"

Mudriki alitaka kuitupa, lakini mikono ilikataa. "Nani wewe? Mtu au jini?"

"Jini, tena jina langu Sarsari. Hujui wewe kwamba ala isipoguswa miaka saba huhamiwa na jini, kama gofu linavyohamiwa na popo? Humu chumbani tuko thelathini na tano, na leo umetuvuruga wote."

"Ewe Sarsari, nisamehe. Natafuta wimbo."

"Kumbe leo ndiyo unautafuta?" Jini akaugua. "Sikiliza, Mudriki. Ngozi ya mbuzi hunywa kila sauti inayoimbiwa karibu yake. Lakini ulipoitundika hii ulifanya nini? Watu wote wa mji huu hulegeza nyuzi kabla ya kutundika, ala ipumzike. Wewe ulizikaza, ili ipendeze ukutani! Zikavuta na kuvuta, na ngozi ikachanika hapa chini. Nilipohamia nilikuta nyimbo zimo tele, na zikawa zinatoka, mmoja kila kiangazi, naziita hazirudi. Ulipobaki mmoja nikaziba kwa kiganja. Mkono wangu uko hapa hadi leo."

"Ni upi uliobaki?"

"Ule wa mtoto."

Mudriki akapiga magoti na kulia, na akasema, "Nifungulie, nakuomba."

"Nitakufungulia. Lakini sauti imekonda, inatosha sikio moja tu, mara moja tu, kisha imekwenda. Laza sikio lako juu ya ngozi, nami niondoe mkono."

Mudriki akainamisha kichwa. Alijiambia kwamba ataupokea yeye, kisha amfikishie bintiye, na kwamba hiyo ndiyo njia ya busara. Sikio lake lilikuwa limekwisha kugusa ngozi alipotambua kwamba anajidanganya, kwa kuwa alichokitamani hakikuwa wimbo, ilikuwa sauti ya Tufaha. Na sauti hiyo yeye aliwahi kuwa nayo ndani ya nyumba miaka tisa, asubuhi na jioni, na mara nyingi aliijibu bila kuinua uso. Sabiha alikuwa nayo siku arubaini, na hata hizo hakuzikumbuka.

Akainua kichwa, na haikuwa rahisi. Akamwita binti yake, na alipofika akamwambia, "Mwanangu, nilikudanganya. Wimbo wako niliusahau. Nilimpigia mama yako kwa mikono hii hii, na nikausahau."

Sabiha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulisahau vipi, Baba?"

Mudriki akamweleza habari za jini, na akampakatisha ile gambusi, na akatoka akasimama ukumbini, mlango ukiwa wazi.

Aliuona uso wa bintiye umelala juu ya ngozi, macho yamefumbwa. Aliona midomo yake ikifuata maneno. Yeye hakusikia kitu, ila wapagazi barabarani na kuku wa jirani. Na katikati Sabiha akacheka ghafla, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, kisha akanyanyua kichwa, na ikawa imekwisha.

"Umecheka nini?" Mudriki akauliza.

"Mama alikatiza wimbo akakugombeza. Amesema, 'We Mudriki, mbona mbio hivyo, unafukuzwa na nani?' Na wewe ukacheka, Baba, ukacheka mpaka nyuzi zikakushinda, na yeye akacheka." Akajifuta uso kwa pindo la ushungi. "Mimi sijawahi kukusikia ukicheka hivyo."

Mudriki akaegemea ukuta.

Basi Sarsari akaondoka zake kupitia dirishani akiukunjua mkono uliokufa ganzi, na Sabiha akamfundisha baba yake wimbo wake mwenyewe, neno kwa neno. Siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mbele ya Sultani na mji mzima, tajiri yule akasimama kizingitini na gambusi ya mfenesi yenye kiraka, na akaimba kwa sauti iliyokwaruza:

Njoo taratibu njoo, mlango haujafungwa,
Mkeka nimetandika, na jina limeshatungwa.

Wanawake hawakuinamisha nyuso. Sultani alijifuta macho kwa mkono wa joho, na Sabiha akavuka, akaishi na Hilali kwa heri na neema.

Mudriki hakununua ala nyingine. Zile nyingine zote aligawia watu walioahidi kuzipiga kila siku, na Sultani alipoona ukarimu huo akamfanya mkuu wa wafanyabiashara, na mali yake ikaongezeka maradufu. Nanyi mnaosikia, kama mna kitu mlichokipenda mkakitundika, kishusheni leo mkiwa bado mna wa kumsikilizisha, maana haya ndiyo mafunzo ya hekaya yangu na sina mengine. Mudriki aliishi hadi akaona wajukuu watano, na kila jioni aliipiga gambusi yake pole pole. Wimbo aliujua wote, na sauti ya mkewe hakuisikia tena.