Kisu Kilichovuliwa Joho

Katika habari tulizopokea za waja wema waliotutangulia, Allah awarehemu, imo hii ya wahunzi wawili wa Harfa, mji uliokuwa katika milima ya Yemen. Mimi naipenda kuliko nyingi kwa sababu haina muujiza ndani yake. Hakuna aliyetembea juu ya maji wala aliyeteremshiwa mkate kutoka mbinguni. Kuna visu tu, na siki, na watu walioogopa.

Mhunzi wa kwanza aliitwa Kutaiba bin Aws, mzee wa ndevu nyeupe, asiyekosa safu ya kwanza msikitini, ambaye visu vyake vilitafutwa na misafara. Wa pili aliitwa Nuaim bin Wardan. Huyu alifiwa na wazazi wake angali mdogo, na Kutaiba ndiye aliyemlea. Alimfundisha kushika koleo, akamwozesha, na alipoona amekomaa akamfungulia karakana yake mwenyewe ng'ambo ya njia. Nuaim alimpenda mzee huyo mapenzi ya mtoto kwa baba, na hilo ndilo lililoufanya mtihani wake kuwa mzito.

Yapasa mjue kwanza kwamba Harfa hufunikwa na ukungu, na ukungu ni adui wa chuma. Kwa hiyo wahunzi wa huko walivipaka visu vyao mpako mweusi wa nta, lami na masizi, wakaukausha karibu na moto mpaka ung'ae. Mpako huo waliuita joho. Haukuwa na ubaya wowote, maana ulizuia kutu. Lakini wanadamu tunajuana. Miaka ilivyopita, wanunuzi waliacha kuuliza chuma kikoje, wakawa wanauliza joho linang'aa vipi, na wahunzi nao wakajifunza kuwapa walichokitaka.

Ikawa siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, jirani yao mmoja alichinja fahali kwa karamu ya harusi ya binti yake. Kisu kikavunjika shingoni mwa mnyama kabla hakijakata mishipa. Fahali akawaponyoka watu, akazunguka ua mzima huku damu ikimwagika na kipande cha chuma kimebaki kooni, mpaka nguvu zilipomwishia akaanguka. Nuaim alikuwa miongoni mwa walioshika kamba. Aliokota kipande kilichobaki kwenye mpini, akapatazama pale kilipokatikia. Chuma kikivunjika leo, mahali pa mvunjiko huwa peupe. Hapa palikuwa na weusi uliokolea kutoka kwenye makali hadi karibu na katikati. Maana yake ufa ulikuwepo tangu kisu kilipotoka motoni, na joho likapakwa juu yake. Na karibu na mpini ilikuwepo alama ya nyota, ambayo watu wote wa Harfa waliijua kuwa ni ya Kutaiba.

Nuaim alifuata adabu ya nasaha, akaenda kwa mwalimu wake faraghani.

"Mwalimu wangu," alisema, "kisu hiki kilikuwa na ufa kabla ya kuvaa joho."

Kutaiba hakukipokea. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na mchinjaji asiyejua kazi husingizia kisu."

"Nilikuwa nimeshika kamba. Mchinjaji hakukosea. Tuvivue vilivyobaki, mimi na wewe, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna atakayejua."

Mzee akasema, "Nuaim, nani aliyekufundisha kushika koleo?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Basi nenda nyumbani."

Nuaim akaenda nyumbani, akamweleza mkewe, Hunaida, habari yote. Yule bibi alikuwa akichambua dengu, naye hakuacha kuchambua.

"Amekulea, Abu Rufaida," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Watu watasema shukrani ya punda ni mateke."

"Watasema."

"Na utawajibu nini?"

"Sitawajibu. Idi inakuja, na visu vyote vya kuchinjia katika uwanja wa msikiti ni vyake. Tumeamrishwa wema katika kila jambo, hata kwa mnyama tunayemchinja. Yule fahali alinitazama, Hunaida. Siwezi kusali Idi nikijua ninachokijua."

Hunaida akachambua dengu zake mpaka zikaisha. "Basi kesho vaa kanzu safi," alisema, "wasije wakadhani umekwenda kwa hasira."

Msimamizi wa soko, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia udanganyifu na aliitwa muhtasibu, alikuwa Lukaimu bin Dhubyan, mtu wa haki na mwenye haraka. Nuaim alimwendea asubuhi, akamtaka visu vya Kutaiba vivuliwe mbele ya watu. Lukaimu akamkumbusha ada ya Harfa. Anayetaka kisu cha mwenzake kivuliwe joho, chake hutangulia, tena muhtasibu mwenyewe ndiye huenda kukichagua rafuni. Kikiwa safi, mlalamikaji hupata haki ya kumvua mwenzake. Kikiwa na ufa, shauri hufia pale pale, na alama ya mhunzi huyo hufutwa kwa patasi kwenye nguzo ya soko zilipochongwa alama za wahunzi wote, asifue kisu mpaka mwaka ugeuke. Aliyeiweka ada hiyo alikuwa anatujua vizuri sana, mimi na nyinyi.

Nuaim akakubali bila kusita. Alivihofia visu vya mwalimu wake, lakini vyake hakuwahi kuvitilia shaka hata kidogo. Angevivua chumbani mwake kabla ya kwenda, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Ila nani kati yetu hufanya hivyo?

Baada ya Alasiri watu wakakusanyika sokoni. Kutaiba aliletewa kigoda, akaketi akiwa ameegemeza mikono juu ya bakora. Lukaimu akaja na kisu alichokichukua katika rafu ya Nuaim, kisu kizuri chenye joho linalong'aa. Wakakisugua kwa maji ya moto, majivu na kitambaa cha sufu, mpaka weusi wote ukaondoka na chuma kikabaki kitupu. Kisha wakakipaka siki, wakakifuta kikauke, wakangoja. Siri ya jambo hilo ni kwamba chuma kizima kikishafutwa hukauka, lakini ufa hunywa siki ukaificha, na baada ya kitambo huirudisha nje, kijasho chembamba ambacho jicho linaweza kukiona.

Lukaimu alikiinua kisu kwenye mwanga, akakigeuza upande huu na huu. "Safi," alisema. "Kileteni cha Sheikh Kutaiba." Akamrudishia Nuaim kisu chake.

Nuaim alikipokea, akakitazama bila kukusudia. Hapo karibu na mpini akaona mstari wa unyevu, mwembamba kama unywele.

Alikumbuka papo hapo. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, kazi za Idi zimemwelemea, na maji ya kuzamishia chuma yalikuwa ya baridi kali. Alipokizamisha kisu alisikia kimlio kidogo, akajiambia ni kaa limepasuka. Jioni ya siku hiyo akakivisha joho.

Basi nafsi yake ikamjia, na nafsi ikitaka kumpoteza mcha Mungu humjia kwa vazi la dini. Ikamwambia: Ukisema, haki yako ya kumvua Kutaiba inaanguka. Visu vyake vitakwenda uwanjani, na wanyama watateswa siku ya Idi. Unyamaze kwa ajili yao. Muhtasibu ameshahukumu, nawe hukumdanganya. Kwa kweli maneno hayo yalikuwa na uzito, wala sidhani kama mimi ningeyashinda.

Nuaim akapitisha kidole gumba juu ya ule mstari. Ukafutika, chuma kikawa kama hakijawahi kuwa na doa. Akangoja kidogo. Mstari ukarudi.

"Bwana Muhtasibu," alisema, "bado. Kina ufa."

Lukaimu akageuka. "Sikuuona."

"Nimeuona mimi."

"Ada unaijua, Nuaim."

"Naijua. Nifutie alama yangu." Kisha akamwelekea mwalimu wake mbele ya watu wote. "Nisamehe, mwalimu. Nilitaka kukuvua wewe kabla sijajivua mwenyewe. Juu ya fahali sijabadilisha neno. Lakini leo sina haki ya kukudai."

Watu wengine wakacheka. Mmoja akasema maneno ya punda na mateke, kama Hunaida alivyotabiri. Lukaimu alitangaza kwamba shauri limekwisha, na patasi ikaletwa. Kwenye nguzo ya soko alama ya jani, ambayo Nuaim alipewa na Kutaiba siku alipofunguliwa karakana, ilichongwa ikawa vumbi. Nuaim alisimama wima mpaka mwisho, ingawa machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Watu walipoanza kutawanyika, Kutaiba akagonga bakora chini. "Leteni siki," alisema.

"Shauri limekwisha, Sheikh wangu," Lukaimu akamwambia kwa heshima. "Hakuna wa kukulazimisha."

"Ndiyo maana naiomba sasa."

Akainuka, akakichukua kisu chake na majivu, akaanza kukisugua mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, na ilimchukua muda mrefu, kwa kuwa joho lake lilikuwa zito kuliko la mwingine yeyote. Akapaka siki, akafuta, akangoja. Kisha akakinyoosha kisu kumwelekea Nuaim.

"Nisomee, mwanangu. Mimi sioni."

Nuaim akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga.

"Uko hapa," Nuaim alisema taratibu, "kutoka kwenye makali mpaka karibu na katikati."

"Mhunzi huujua moto kwa rangi ya chuma," Kutaiba akawaambia watu. "Rangi ya kukizamisha ni moja tu, kabla yake kosa, na baada yake kosa. Kwangu mimi rangi zote zimekuwa moja. Nimekuwa nikikisia. Kidole changu kilipohisi ufa, nilikisia kuwa si kitu, nikaongeza joho. Niliogopa msije mkaniambia nikae nyumbani. Kijana huyu alikuwa na njia ya kunyamaza akanishinda, na hakunyamaza. Basi mimi nina udhuru gani, na miguu yangu iko kaburini?"

Akaenda mwenyewe mpaka kwenye nguzo, akapapasa mpaka akaipata nyota yake, akamwomba Lukaimu ile patasi. Mikono yake ilikuwa ingali na nguvu za mhunzi.

Jioni ile wahunzi wengine walivua visu vyao bila kuamrishwa na mtu, na vingi havikufaa. Siku ya Idi watu wa Harfa walipanga foleni ndefu, wakiazimana visu vichache vilivyosalimika. Jua lilikwisha kupanda sana ndipo wakamaliza. Lakini hakuna mnyama aliyeteswa.

Mwaka ulipogeuka, Nuaim akawasha moto wake tena. Kutaiba hakurudi kwenye karakana yake. Aliketi kando ya fuawe ya mwanafunzi wake. Nuaim alitazama rangi, mzee akasikiliza mlio wa chuma kikiingia majini, na kisu hakikupita mpaka jicho la huyu na sikio la yule vikubaliane. Kisu cha kwanza kilichopita, Kutaiba alikipangusa vizuri, akampa Nuaim kikiwa kitupu.

"Hakina joho, mwalimu," Nuaim alisema. "Kwa ukungu huu kitashika kutu."

"Kitashika," mzee alijibu. "Kwa hiyo utakitazama kila siku, na utakifuta kila siku."

Ndugu zangu katika imani, joho si haramu, na Mola wetu ni Msitiri, hupenda kusitiri. Lakini sitara ya Allah ni kwa ajili ya kutupa nafasi ya kurekebisha ufa, wala si ya kuusahau. Usiku ukiingia, kabla hujavihesabu visu vya jirani yako, toa chako, kisugue mpaka kiwe kitupu, ukipake siki, ungoje. Na ukiuona ule mstari, usiupitishie kidole gumba.